TAHADHARI: Anayeuza "msimu wa pili" wa ile katuni ya Kichina ni tapeli

Wadau wa katuni za Kichina, nimepigwa elfu kumi. Nawaambia mapema msije mkafuata.

Mnaijua ile ya kijana mmoja anayegombaniwa na warembo watano. Msimu wa kwanza uliishia patamu, na tangu hapo naulizia wa pili kila kona. Wiki iliyopita, kwenye kundi moja la Telegram, akatokea jamaa: anao wote, sehemu 12, umetafsiriwa Kiswahili na DJ, lipa kwanza utumiwe linki. Nikalipa. Hata kionjo sikuomba, hapo najilaumu mwenyewe.

Bando likaishia kwenye kupakua. Kufungua, sauti ya DJ inasikika dakika mbili tu, kisha ni Kichina mpaka mwisho. Nikavumilia. Sehemu ya tatu, yule binti wa mwavuli, ambaye msimu wa kwanza alishamtamkia yule kijana mapenzi, eti ndiyo kwanza wanakutana ngazini na anamuuliza jina! Kumbe ni msimu wa kwanza, umekatwakatwa na mafaili yamebadilishwa majina. Kumuuliza, ananijibu, "Tulia bosi, hapo anakumbuka ya nyuma." Anakumbuka sehemu nne mfululizo?

Nilipokomaa akanitumia "programu ya kutazamia", faili linaloishia na .apk. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko ile elfu kumi. Video nyingi huishia na .mp4 au .mkv. Hiyo .apk ni programu inayoingia kwenye simu, na mimi kwa ujinga wangu nikaiweka. Kabla haijafunguka ikataka ruhusa ya kusoma meseji. Katuni inataka meseji zangu za nini? Humo ndimo zinamopita namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp. Nikakataa, nikaifuta. Baada ya hapo akanifungia, hapatikani.

Kama nawe hujui Kichina, angalia jina linapotokea mwanzoni. Kama msimu umeandikwa, wa kwanza huwa 第一季, wa pili 第二季. Tazama herufi ya katikati: mstari mmoja ni wa kwanza, miwili ni wa pili. Kwenye mafaili yangu alikuwa amebandika nembo ya kundi lake juu ya jina hilo, nami nikadhani ni madoido tu.

Halafu Bilibili, Tencent Video, iQIYI na Youku, wanaorusha nyingi ya katuni hizi, wana chaneli zao YouTube, na baadhi ya katuni wanaziweka bure zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Jana nimezipitia zote nne. Ya kwetu sijaona hata trela ya msimu wa pili.

Namba yake siweki, anabadilisha kila mara. Mtamjua kwa picha ya binti wa mwavuli. Leo asubuhi nimemkuta kwenye kundi jingine, jina jipya, bei imeshuka hadi elfu saba, na sasa anadai anao mpaka msimu wa tatu.