Makaa gani hayo? Uzoefu wangu na watembeza wageni wa Nairobi

Jina la kampuni naliweka kapuni maana sitaki kesi, ila hasira ninayo mpaka leo. Juzi kati nililipia matembezi ya nusu siku kwa sababu moja tu, kwenye ratiba yao kuna makumbusho ya reli na mimi nilimfuata 5918, Mount Gelai, lile garimoshi kubwa la mvuke. Mambo ya uzito na nguvu zake katafuteni wenyewe. Tumefika, muongozaji anapita mbele ya lile dude mbiombio, anarusha mkono, "hii ni ya makaa, ndo ilijenga reli ya Mzungu, haya twendeni kwa behewa la simba." Yaani pumzi moja uongo mara mbili! Reli imefika Nairobi 1899, hii mashine wameiunda Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1950, na huku ilikuwa inachoma mafuta mazito. Nikamwambia kwa upole, kaka, hebu tazama tangi la nyuma, limefunikwa juu, sasa makaa yangemwagwa wapi? Akanijibu mbele za watu: "Mzee, kama unajua hivyo si ungekuja peke yako?"

Nikanyamaza. Wapi, sikunyamaza, nilimpa yake na kundi zima likasikia.

Maana jamani injini za aina hii zilikuwa 34, zote zimepewa majina ya milima, zimebaki mbili tu, Gelai na Shengena, nyingine zimekatwa chuma chakavu. Na milima hiyo miwili yote iko Tanzania, kwa sababu shirika la reli lilikuwa la Afrika Mashariki nzima kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Hapo ndo pa kusimama useme! Yeye kapita kama anapita kibanda cha vocha. Behewa la Ryall, yule ofisa wa polisi aliyeburutwa na simba stesheni ya Kima mwaka 1900, sawa, kisa kitamu, sikatai, lakini nusu saa nzima?

Aliyeniokoa ni dereva wao. Alinikuta nimenuna getini akasema mzee wangu turudi, hao bado wako kwa simba. Akauliza maji yalikaa wapi, nikamwonyesha tangi la mbele, akainama mwenyewe kuchungulia pale boila lilivyoning'inizwa katikati ya injini mbili, moja mbele moja nyuma, ndo maana refu lote lile likawa linakata kona. Akacheka, "kumbe ni mbili!"

Nilitaka kuwapa nyota sifuri. Naweka moja. Au basi tatu, ila zote za dereva, na yule mwingine bado namdai hela yangu.