Apdeti imeua brashi yangu ya mawe, halafu eti kosa ni kalamu yangu

Wadau nina hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Programu ya kuchorea siitaji jina, ni ile ya kulipia kila mwezi, wachoraji wa kwenye tableti wengi tunayo. Mimi nilikuwa naisifia kila mahali mpaka watu wakadhani nalipwa. Leo nyota moja, na hiyo moja ni huruma.

Ukichora Mwanza mawe huyakwepi. Zile brashi za kwenye programu zinakupa jiwe laini la katuni, siyo hili letu lenye chengachenga na michirizi myeusi maji ya mvua yanapoteremkia. Nikapiga picha jiwe kwa karibu kule Capri Point, nikaitoa rangi, nikaifanya teksicha, yaani ule mkwaruzo wa jiwe unaotokea ndani ya brashi. Hapo ndo kazi ikaanza, aliyewahi kuseti brashi anajua. Brashi ya kidijitali haipaki kitu, inagonga umbo lile lile mfululizo, sasa spesingi, yaani umbali kati ya mgongo mmoja na mwingine, ukiiweka asilimia 100 ya upana wa brashi unapata vidoti vimepangana, ukishusha 10 mstari unaungana lakini kama brashi ni kubwa tableti inaanza kuganda. Na floo (rangi inayotoka kila brashi ikigonga) siyo opasiti (rangi inavyoziba) jamani, opasiti ni kikomo, mpigo mmoja hauzidi pale hata usugue vipi, floo yenyewe inajazana kila ukirudia juu kwa juu bila kuinua kalamu. Mimi floo niliishusha sana nikaifunga na presha ya kalamu, ukigusa unapata vumbi, ukikandamiza unapata jiwe. Ilikuwa tamu!

Juzijuzi ikajiapdeti usiku. Asubuhi nafungua kazi ya mama mmoja mwenye gesti Kirumba, anataka picha ya ziwa aweke mapokezi, napitisha brashi, jiwe linatoka na mikunjo. Zamani teksicha ilikuwa imetulia kwenye kanvasi, unapita juu yake jiwe linajitokeza. Sasa inatembea na brashi, kila umbo linalogongwa linakuja na teksicha yake, basi chengachenga zote zinavutika kufuata mkono. Na swichi ya kurudisha ilipokuwepo hamna kitu. Nilimtumia mama hivyo hivyo aone nilipofikia, akapiga simu, hata shikamoo yangu hajaimaliza kuitikia: "Mwanangu, hili jiwe mbona limevaa sweta?"

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa, nikaweka picha ya kabla na ya baada. Wanajibu eti kalamu za bei nafuu huwa na shida ya presha, nijaribu kifaa wanachopendekeza wao. Presha! Nani kaongelea presha hapa? Presha iko sawa, jiwe ndo bovu. Hawakufungua hata picha, waliona tu mtu katokea Tanzania wakajua huyu ana kalamu ya Makoroboi, kwa wamachinga wa hapa Mwanza. (Ni ya Makoroboi kweli, na inafanya kazi vizuri kuliko huduma yao.)

Sasa haki yao niwape, toleo hilo hilo brashi ya maji wameipatia. Rangi zinachanganyika zenyewe ukivuta, ile ziwa ya jioni ukiwa Kamanga, huku risasi huku machungwa, naipata kwa mipigo michache tu. Kwa hiyo peke yake ningewapa tatu. Hata nne, siyo mchoyo mimi. Ila nikikumbuka "bei nafuu" narudi kwenye moja.

Nimeshusha Krita, programu nyingine ya kuchorea, ya bure. Faili za ABR (za brashi za Photoshop) inasoma, lakini inachukua ncha tu, yaani lile umbo linalogongwa, floo na spesingi na presha unapanga upya mwenyewe, na mama anataka picha yake wiki hii. Kwa hiyo ndiyo, mwezi huu nimewalipa tena wale wale, roho inaniuma.

Mwenye kujua wameificha wapi ile swichi ya teksicha anielekeze. Atakayeniambia ninunue kalamu nyingine tutakosana.