Fundi samani wa Chang'ombe na dege langu la enzi za 77: nampa nyota nne

Hapa Dodoma ukitaka fundi wa kitanda cha sita kwa sita unampata kila kona, ila jaribu kuulizia fundi wa ndege uone watu watakavyokuangalia. Na sisemi drone, nasema ndege ya rimoti ya mbao, ina injini ya mafuta, mabawa yanazidi mita moja na nusu, zile walizokuwa wanashindania kupiga sarakasi angani kabla mi sijazaliwa. Hili langu lilikuwa darini kwa baba mkwe kule Kikuyu miaka na miaka, aliachiwa na injinia mmoja mzungu ambaye mzee alikuwa anamfanyia kazi, mzungu akaondoka hakurudi, dege likabaki na panya. Siku tunabadilisha bati mzee akaniambia, "Mkwe, si unapenda vikorokoro, haya beba na hili."

Hali yake sasa. Mkia umekatika, bawa la kushoto panya wamechimba handaki, nailoni ya juu imebanduka kama ngozi ya nyoka, injini ukiizungusha haigeuki hata kwa praizi. Na hakuna maandishi popote. Jamaa yangu mmoja anayejua haya mambo nilimtumia picha akasema itakuwa Kaos, ile aliyochora Joe Bridi wa Marekani, zilitapakaa sana dunia nzima. Nikakubali, nikalala. Kesho yake naliangalia dege vizuri, hapana bana. Kaos mkia wake umelala sawa kama rula, hili langu mkia wa nyuma umeinamia chini pande zote mbili kama mtu aliyeshusha mabega. Tena tumboni kuna matundu ya matairi ya kujikunja, na bawa ndani sio mbavu za mbao, ni lile povu jeupe la kufungashia tv limevalishwa mbao nyembamba juu. Hapo ndo nikaangukia kwenye Curare, ndege ya Hanno Prettner wa Austria, aliyochukulia ubingwa wa dunia 1977 kule Springfield, Ohio. Nikanunua mchoro wake mtandaoni nikaenda kwa hawa vijana wanaoprinti ramani za nyumba, wakanitolea saizi kamili, nikautandika sebuleni nikaliweka dege juu yake. Mkia ukakaa. Bawa likakaa. Pua tu ndo fupi kidogo kuliko mchoro, nadhani mwenyewe aliikata ili injini aliyokuwa nayo iingie.

Sasa fundi. Nilizunguka kwanza kwa wawili watatu, mmoja akanicheka wazi wazi, mwingine akaniambia nimpe laki tano aanze bila hata kuligusa. Huyu wa Chang'ombe (jina simtaji, sijamuomba ruhusa, na kibao cha duka hana) ni mzee wa makamo, kazi yake makabati na milango. Alilishika, akalinyanyua kwa vidole viwili, akanusa injini, akasema, "Mwanangu, hii inanuka mafuta ya nyonyo." Na kweli! Mafuta ya hizi injini ni methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, yaleyale dada zetu wanapaka nywele, na ukiiacha injini nayo ndani miaka mingi yanaganda yanakuwa gundi. Mtu ambaye hajawahi kuona ndege ya hivi kajua ugonjwa kwa pua. Nikampa kazi palepale, tukakubaliana laki moja na themanini, wiki mbili.

Wiki mbili zikawa miezi miwili na nusu. Nyota ya tano imeanzia kupotea hapo, ila haikupotelea hapo.

Imepotelea kwenye mninga. Hizi ndege ni za balsa, mti wa Amerika ya Kusini, mwepesi mpaka unaweza kudhani umeshika mkate mkavu. Mi nilishaagiza vipande vyangu, vikachelewa, mzee akaona anasubiri nini, akaunga mkia kwa mninga. Kaupiga randa, kaupiga msasa, kaung'arisha, mzuri kama stuli ya sebuleni. Nakuja kuchukua namkuta anatabasamu, nalinyanyua, nyuma kote kumelala chini. Mninga ni mzito mara tatu nne ya balsa, na mkiani kila gramu inakudai gramu kadhaa puani, kwa sababu pua iko karibu na bawa na mkia uko mbali, ni mzani wa kawaida tu wa sokoni. Ndege ikiwa nzito nyuma hairuki, inagalagala. Nilimuonyesha, nikaweka vidole viwili chini ya bawa karibu na theluthi ya upana wake kutokea mbele, dege likakaa kama kuku anataga. Akanyamaza. Akasema, "Basi nimekosea, leta hiyo mbao yako ya mkate." Akabomoa yote bila kuniongezea hata mia. Hapo nilimheshimu sana, mafundi wangapi wanakubali kosa hivyo.

Na mninga wenyewe haukupotea, vile vipande aliviweka puani kushikilia injini, pale panatakiwa mbao ngumu isiyopasuka ikitetemeshwa, na uzito wa puani tulikuwa tunautaka. Kazi ile nakwambia hata mzungu mwenyewe asingeifanya vizuri hivyo.

Kosa la pili nusu ni langu. Lile povu jeupe halitaki tina, halitaki petroli, halitaki ile gundi ya njano ya viatu, vinalila. Sikumwambia. Kapaka gundi ya viatu kwenye handaki la panya, povu likayeyuka mbele ya macho yake, shimo la ngumi likawa shimo la sahani. Ananipigia simu anasema "mwanangu njoo, linajila lenyewe." Tukaziba kwa kipande cha povu kingine, gundi nyeupe ya mbao, na pale bawa linapoungana katikati epoksi ya kuchanganya mbili. Kwa hiyo ukienda kwake nenda na gundi yako, usimuachie achague.

Alitaka pia kulivalisha stika kama za bodaboda maana ndo zinapatikana pale Majengo, nikakataa, stika haijikazi ukiipasha joto na nzito pia. Nailoni ya kupasi niliagiza, na nikiri wazi, pasi ilikuwa ya mke wangu na kesi bado inaendelea.

Injini hakuigusa, alisema ukweli kwamba sio fani yake. Nimeifanya mwenyewe: nikafungua kabureta na vya mpira vyote, chuma nikakiloweka kwenye kulanti ya rejeta ndani ya sufuria kuukuu, moto mdogo, nje ya nyumba, masaa matano hivi. Kulanti ni sumu, sufuria hiyo hairudi jikoni tena. Ikatoka inang'aa, injini ya kampuni ya OS ya Japani, siisii 10, nikaigeuza kwa mkono ikasema "pwisi". Ile redio ya zamani ya rimoti ndo basi, betri zilivuja chumvi ya kijani ikala nyaya mpaka ndani zikawa nyeusi, nikanunua mpya ya gigahezi 2.4. Ya zamani nimeipanga kabatini kama pambo.

Jumla tumeipima buchani, kilo 4 na robo bila mafuta. Kwenye mashindano ya dunia kikomo kilikuwa kilo 5, kwa hiyo tumo.

Siku ya kuiwasha niliomba tuiwashie kwake, tukaifunga kwenye benchi lake la seremala. Plagi yake haipigi cheche kama ya pikipiki, unaipasha kwa betri ya volti 1.5, ikishawaka unatoa betri na inaendelea kujiwakia yenyewe. Ikagoma, ikagoma, mafuta yalikuwa mengi mno. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, nikabana sindano ya kabureta inayopunguza mafuta, kidogo kidogo, na ghafla ikalia, vumbi la mbao lote likaruka, watoto wa mtaa mzima wakajaa, mama wa chapati wa jirani akafunika beseni lake anatutukana. Mzee kasimama kaziba masikio anacheka. Nikamwambia jina lake Curare ni sumu ya mishale ya huko Amerika ya Kusini. Yeye Msandawe wa Chemba, akasema babu yake alikuwa na ya kwake, na haikuwa na kelele hivi.

Kuruka bado. Nafuatilia kibali cha TCAA, wale mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa vile uwanja wa ndege uko mjini kabisa itabidi niende nalo mbali, njia ya Kongwa huko.

Kama una kitu cha mbao cha ajabu mpelekee, asubuhi kabla ya saa nne ndo anatulia. Pima uzito kabla hujamuachia, na uuandike kwa kalamu ubavuni ili auone.