NetCDF kwa data za mvua: naipa nyota nne

Mwaka wa tatu sasa naitumia netCDF, fomati ya faili za data za kisayansi pamoja na programu zake, kila siku ya kazi, hapa Dodoma, kwenye CHIRPS, yaani data za makadirio ya mvua ya kila siku zilizopangwa kwa gridi. Ni ya bure, inatoka Unidata, Marekani, na ninachoipendea ni kwamba faili linajieleza lenyewe. Andika amri ya ncdump -h, unaona kila kigeu (yaani kila aina ya kipimo kilichohifadhiwa, kama mvua), urefu wa kila mhimili, na kwamba mvua imepimwa kwa milimita. Mtu wa Mwanza akinitumia faili, sina haja ya kumpigia simu kuuliza namba zile ni za nini.

Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya ukomo wa ukubwa wa vigeu.

Tanzania nzima kwenye CHIRPS ni gridi ya 240 kwa 220. Kila kisanduku baiti 4, siku moja baiti 211,200. Kidogo tu! Lakini 1981 hadi 2020 ni siku 14,610. Zidisha, zinafika baiti bilioni 3.09. Nilitanguliza kigeu cha mvua, nikafuatisha cha tofauti na wastani, nikachagua fomati ya zamani kabisa ya netCDF ili programu za wenzangu wote ziweze kusoma. Ikakataa palepale: ukubwa wa kigeu umevuka masharti. Fomati ile hukumbuka mahali kigeu kinapoanzia kwa namba ya biti 32, na namba hiyo huishia gigabaiti 2. Naisifu kwa kukataa mapema, kabla ya kuandika hata siku moja ya mvua. Afadhali hivyo kuliko kugundua faili bovu baada ya wiki mbili.

Nikahamia ile ya biti 64, iliyokuja na toleo la 3.6 mwaka 2004. Ikapita. Halafu nikaongeza Kenya na Uganda: gridi 260 kwa 340, kigeu kimoja baiti bilioni 5.17. Ikakataa tena. Jina lina 64, ila kigeu kimoja hakiruhusiwi kuvuka gigabaiti 4 isipokuwa kiwe cha mwisho, na mvua yangu ilikuwa ya kwanza. Hapa ndipo wengi tunapopotea.

Kilichoniokoa ni kuufanya mhimili wa muda usiwe na kikomo. Ukifanya hivyo, kinachopimwa ni rekodi moja, yaani siku moja: baiti 353,600. Nilibadilisha mstari mmoja tu.

NetCDF-4, ya mwaka 2008, imejengwa juu ya HDF5, fomati nyingine ya data za kisayansi, na haina ukomo huo kabisa. Tena inabana data: unaandika amri ya nccopy -k nc4 -d 4, basi. Kiangazi cha Dodoma ni sifuri juu ya sifuri, Juni mpaka Oktoba, kwa hiyo kigeu cha mvua kilinywea sana.

Anayeanza leo aanze na hiyo. Anayelazimika kubaki na ya zamani, aweke muda usio na kikomo kabla hajaandika siku ya kwanza.