Paa la SLK limegoma? Pampu usinunue bado

Habarini za leo wadau, karibuni tena. Leo niko Mikocheni, na gari mnaloliona hapa nyuma yangu ni Mercedes-Benz SLK, ile ya kwanza kabisa, R170, iliyotoka kati ya 1996 na 2004. Ni gari langu mwenyewe, limeshapita masika mawili mikononi mwangu. Injini leo siigusi. Nataka tuchambue paa, kwa sababu paa ndilo linalomfanya mtu alipende gari hili siku ya kwanza, na paa hilo hilo ndilo linalomfanya aliuze kwa bei ya kutupa.

Ujumbe ninaoupokea kila wiki ni huu: "Kaka, paa limegoma, fundi kasema pampu imekufa, wapi nitapata nyingine?" Na mimi najibu kila mara: pampu usinunue bado. Mara nyingi pampu ni nzima kabisa, haijaruhusiwa tu kufanya kazi.

Ngoja niwaonyeshe. Nashika hii swichi hapa katikati ya viti. Vioo vinashuka kwanza, umeona? Mfuniko wa buti unafunguka kwa nyuma, paa linajikunja vipande viwili, linalala ndani ya buti, mfuniko unarudi. Sekunde 25 hivi. Vyuma vyote hivyo vinasukumwa na mafuta ya haidroliki: pampu moja ya umeme iliyojificha kwenye buti, na silinda tano. Lakini kabla ya kila hatua kuna kompyuta ndogo ya paa inayouliza swichi zake, zile ndogo zilizojificha zinazoitaarifu kila kitu kiko wapi. Buti limefungwa? Pazia la mizigo liko mahali pake? Paa limeachia huku mbele? Swichi moja tu ikikaa kimya, kazi yote inasimama. Na ni vizuri isimame, maana bila hivyo chuma kingeshuka juu ya begi lako na kioo cha nyuma kingepasuka.

Paa la chuma la kujikunja lenyewe ni wazo la zamani. Mfaransa Georges Paulin, aliyekuwa daktari wa meno, alilibuni, na Peugeot wakaliweka barabarani miaka ya 1930. Ford nao wakatoa Skyliner, 1957 hadi 1959, isiyo na haidroliki kwenye paa: mota saba za umeme, rilei, swichi, na nyaya zinazokaribia mita 186. Hebu fikiria fundi umeme wa wakati ule anatafuta waya mmoja uliokatika humo ndani! Hili la kwetu ni jepesi, ukilijulia.

Sasa paa limegoma. Cha kwanza ni masikio. Zima redio, zima feni, washa swichi ya gari, bonyeza. Unasikia mlio wa pampu huko nyuma, au hakuna kitu?

Kama hakuna kitu, kimya kabisa, nenda kwenye buti, na hapa nataka tukae kidogo. Njoo na kamera karibu. Hili ni pazia la buti. Linavutwa hivi, linanasa pande zote mbili. Kazi yake ni kutenganisha mizigo na nafasi ya paa. Paa likiwa juu, buti lina lita 348. Likishuka unabaki na 145 tu, basi chochote kinachozidi pazia hili kitagongwa. Kwa hiyo pazia lisiponasa sawasawa, gari halikubali. Watu wengi hawalijui hili, hasa aliyenunua gari bila kitabu chake.

Langu lilinasa vizuri na bado likagoma. Ilikuwa Aprili, mvua imeanza kudondoka, paa liko chini, nimeegesha kando ya barabara. Fundi wa kwanza niliyempelekea alibonyeza swichi mara mbili, akasema pampu. Sikuridhika. Nikampigia mzee mmoja, fundi umeme wa siku nyingi, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, ukilivuta pazia, unasikia kitu kinasema 'tik'?" Nikainamisha sikio. Hakuna tik. Pale linaponasa kuna swichi ndogo, kubwa kidogo kuliko punje ya mahindi, na kidude chake cha kubonyezwa kilikuwa kimeganda kwa vumbi na jasho la chumvi la huku pwani. Akaniambia nipulizie dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, nikibonyeze kwa ukucha mara ishirini, taratibu. Nikafanya. Nilipofika kama mara ya kumi nikaisikia: tik. Nikavuta pazia, nikabonyeza swichi ya paa, paa likapanda. Nilikuwa nimelowa hadi mifukoni na nilifurahi kama mtoto.

Kabla ya kugusa swichi hizo ndogo, lakini, pima betri. Chukua mita. Gari limezimwa, betri yenye afya inasoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, 13.8 mpaka 14.4. Pampu inakula umeme mwingi, na betri iliyochoka inawasha taa, inawasha redio, hata injini inawasha, halafu paa linaishia njiani. Ndiyo maana mimi silifungui paa injini ikiwa imezimwa. Fyuzi nazo usizitazame kwa macho tu, zipime.

Kama pampu unaisikia inalia ila chuma hakitembei, au kinatembea kichovu, sasa ndiyo tuzungumze mafuta. Kagua chombo chake, kisha kagua mabomba na silinda. Sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, zinazeeka, na ya huku mbele juu ya kioo ikivuja utaona mafuta yanalowanisha kitambaa cha dari. Naomba mnisikilize hapa: usikubali mtu aongeze mafuta ya breki kwa sababu "yote ni haidroliki". Yanaharibu sili za mfumo huu, na utakuja kutengeneza silinda zote badala ya moja. Nunua aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Na kipimo kisome paa likiwa katika hali ambayo kitabu kinaagiza, kwa kuwa mafuta yanaingia na kutoka kwenye silinda, kiwango hakikai mahali pamoja.

Likisimama katikati, mfuniko uko juu, hapo ndipo vidole vinapotea. Presha ikishuka, chuma kinashuka chenyewe, na ni kizito. Usiingize mkono wala kichwa kabla hujaweka nguzo imara. Kulifunga kwa mkono kunawezekana, kuna utaratibu wa kuachia presha, lakini muwe watu wawili, na utaratibu usomwe kabla, siyo mvua ikiwa inanyesha.

Kuhusu kompyuta ya kupimia: vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyouzwa kila mahali vinasoma injini tu. Kompyuta ya paa havizungumzi nayo. Tafuta mtu mwenye mashine inayosoma mifumo ya Mercedes, aangalie swichi moja moja wakati wewe unabonyeza. Nusu saa ya kazi hiyo inakuonyesha nani hajajibu. Wakisema swichi zote ziko sawa, na umeme unafika kwenye pampu yenyewe, na bado haizunguki, hapo nenda Ilala katafute pampu kwa moyo mweupe.

Mimi paa hili nalipenda. Kwa jua letu na kwa usalama wa kuegesha mjini, chuma nakiona bora kuliko turubai. Linataka vitu vidogo: mipira yake ipakwe mafuta ya silikoni, isipakwe grisi ya kawaida inayoilainisha mpaka ikavimba, na paa lifunguliwe mara kwa mara hata kama huendi popote, ili sili zisikauke.

Kwa anayetaka kununua: mwambie muuzaji alifungue na kulifunga mara tatu mfululizo, injini ikiwaka. Mara ya kwanza hata paa gonjwa hujitahidi. Ya tatu ndiyo uitazame. Halafu inua zulia la buti, chukua tishu nyeupe, futa chini ya pampu na kwenye maungio ya mabomba. Ikitoka na mafuta, punguzeni bei papo hapo, kabla hamjaanza kuzungumzia rangi na rimu.