Kipimajoto cha bunduki kilichoniambia mwanangu hana homa

Msinunue. Najijua, huenda nikifika mwisho nikawa nimebadili kauli, lakini kwa sasa nasema msinunue.

Nasema vile vya bunduki, vyeupe, unamlenga mtu kwenye paji la uso kinalia pii, namba inatokea. Mnavikumbuka vya kipindi cha korona. Mlinzi wa benki alitulenga foleni nzima, wote tukatoka 36.2, hata mzee mmoja aliyekuwa anatetemeka kwa malaria mbele yangu. Siku ile ndiyo ningejifunza. Sikujifunza.

Binti yangu ana saratani ya damu. Ana miaka minne. Ilianza kwa homa za kwenda na kurudi, tukatibu malaria mara tatu, kisha michubuko miguuni bila kuanguka, fizi kutoa damu, na viganja kupauka mpaka mama yake akaogopa kumwogesha. Yaliyofuata ni marefu na sikuja kuyaeleza hapa. Nimekuja kueleza kipimajoto.

Mtoto akishapata dripu ya kemo, yaani dawa ya saratani, baada ya wiki moja hivi chembe nyeupe zinazolinda mwili hushuka sana, na hukaa chini kwa siku kadhaa. Siku hizo kijidudu ambacho kwa mtoto wa jirani ni mafua tu, kwake kinaweza kuwa msiba. Kwa hiyo wodini kuna amri moja, na sista huirudia mpaka unaiota: nyuzi 38, mje. Usiku, mvua, huna nauli, mje. Na msimpe panado kwanza, maana homa itashuka mkalala huku ugonjwa unaendelea na kazi yake. Antibiotiki ya mshipani inatakiwa imwingie ndani ya saa moja tangu afike mlangoni.

Ndiyo maana nilitaka kipimo cha maana. Mtoto alishachoka kushikwashikwa. Kila anayemgusa mkono anadhani ana sindano. Nikafikiri kitu cha kumpima akiwa amelala, bila kumgusa, kitamfaa. Nikaenda Kariakoo, nikatoa elfu arobaini na tano. Mimi ni fundi cherehani Mbagala, hiyo ni sare za shule ngapi sitaki hata kuhesabu. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hii ndiyo ya hospitali." Nikamuuliza vile vya zamani vya kioo, vya zebaki, alivyovizoea mama mkwe wangu. Akasema vimepigwa marufuku. Baadaye nikaja kujua ni kweli, kuna mkataba wa kimataifa, unaitwa wa Minamata, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviingiza nchini. Katika yote aliyoniambia siku ile, hilo ndilo lililokuwa na ukweli.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa masika, siku ya tisa tangu dripu, tulikuwa tunazihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Saa tatu usiku nikamlenga: 36.4. Saa tano: 36.3. Nikapiga alama kwenye daftari kama nilivyoelekezwa, nikajiona baba anayejua kazi yake. Mama mkwe wangu, aliyefunga safari kutoka Masasi kuja kutusaidia, akamwekea mtoto mgongo wa kiganja shingoni. Akasema, "Baba, mke mwenzangu anaungua."

Nikamwonyesha kioo. "Mama, hapana, namba hii hapa."

Akaitazama, akanirudishia. "Hiyo namba yako imelea watoto wangapi?"

Nikambishia. Niandike hivyo hivyo, nilimbishia mwanamke aliyelea watoto saba, kwa kutetea kidude cha betri mbili. Naye kwa heshima ya ukwe akanyamaza, akavuta kigoda akakaa kando ya kitanda.

Saa nane usiku mtoto akaanza kutetemeka, meno yanagongana. Sikupima tena. Tukatafuta bajaji, mke wangu kamfunga mtoto kifuani kwa khanga mbili, Kilwa Road imejaa maji. Tulipofika nesi akamwekea kipimajoto kwapani: 39.4. Akauliza, "Homa imeanza saa ngapi?" Nikasema saa nane. Mke wangu akanitazama. Nikasema saa tano. Kisha nikasema tangu saa tatu huenda. Nesi akaandika kitu, sikuona alichoandika.

Tulilazwa siku kumi na moja. Hizo siziandiki.

Alipotoka, jambo la kwanza nililofanya ni kukifunga kile kidude kwenye mfuko na kwenda nacho Kariakoo. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno yote. Muuzaji akakipokea, akabonyeza bonyeza, akajilenga, akacheka. Akacheka! Akawageuzia wateja wengine kama vile anawaonyesha sinema: "Bosi umeweka kwenye kitu. Hii hapa ni ya kupimia uji, maziwa, ukuta. Hujui kusoma?"

Ikumbukwe kwamba sikuwa nimemwambia bado mtoto anaumwa nini. Nilipomwambia alisema "pole sana", halafu akaongeza, "lakini kifaa ni kizima, hakirudi."

Iko hivi. Kidude kina namna mbili za kupima. Ya kwanza ni ya mwili: kinasoma joto la ngozi ya paji la uso, kisha chenyewe kinaongeza kidogo, kwa sababu ngozi siku zote ni baridi kuliko ndani. Ya pili ni ya vitu: kinakupa joto la juu kama lilivyo, bila kuongeza chochote. Ngozi ikisoma 36.4 namna hiyo, ndani mtoto anachemka. Na tofauti kwenye kioo ni picha ya mtu kugeuka picha ya kikombe, ndogo kama punje ya mchele. Kitufe cha kubadilisha kiko pale pale dole gumba linapokaa. Karatasi ya maelezo ni Kichina na Kiingereza, herufi za ukubwa wa chawa. Kusoma najua. Nimesoma Biblia nzima mara mbili, mpaka zile orodha za uzao.

Na namba yenyewe ndiyo inayoniuma. Ingesoma 29 ningeshtuka, ningejua kimeharibika. Kimeniletea 36.4, namba nzuri, namba ya mtoto mzima anayelala vizuri.

Hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Nani alibonyeza kile kitufe? Nimefikiri sana, na jibu ni mwenyewe mgonjwa. Nilimpa achezee. Ile wiki ya vidonge vya steroidi, dawa nyingine ya matibabu yake inayoleta njaa na hasira, alikuwa anaamka saa sita usiku kudai ugali, anakula sahani nzima, kisha analia bila sababu, hataki mtu, hataki katuni. Kidude hicho ndicho kilichomtuliza. Alimlenga paka, akalenga sufuria, akatoka uani kulenga kuku wa jirani. Akarudi ananiambia, "Baba, kuku ana thelathini na tisa! Apelekwe wodini, achomwe dripu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa hiyo nimlaumu nani? Mtoto? Kuku?

Nawalaumu waliotengeneza. Kitu kinachouzwa kwa ajili ya watoto, kikaweza kugeuzwa na kidole cha mtoto, bila kelele, bila taa nyekundu, hicho si kizima hata kama kinafanya kazi. Na namlaumu muuzaji, dakika moja tu angenionyesha. Mwenyewe nimeshajilaumu, hamna haja ya kunisaidia.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Nilipokuwa nasoma hizo namba nilidhani tofauti yote ni dawa na madaktari. Dawa ni kweli. Lakini siku hizi nikiziona naona pia bajaji ya saa nane usiku, na picha ya kikombe.

Sasa tunatumia cha kwapani, cha kawaida, elfu sita kwenye duka la dawa la mtaani kwetu. Kina kitufe kimoja. Kinachelewa, mtoto analalamika, bibi yake anamhesabia kwa sauti mpaka kilie, wakati mwingine kwa Kimakonde ili acheke. Sista alituambia kwapani husoma chini kidogo, kwa hiyo hatungoji 38 kamili, ikifika 37.6 mke wangu tayari anatafuta viatu. Na kabla ya kuweka kipimo chochote, bibi anaweka kwanza mgongo wa kiganja shingoni. Mimi naandika vyote viwili kwenye daftari: namba, na neno la bibi.

Mtoto yupo kwenye awamu ya vidonge vya jioni, kliniki kwa mwezi mara moja. Matibabu yote ni zaidi ya miaka miwili, bado tuna njia. Miguu iliyokuwa inaburuta kwa sababu ya vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, imeanza kunyanyuka. Nywele zimerudi, laini kama za kichanga, hataki zisukwe.

Ile bunduki bado iko ndani. Nilitaka kuitupa chooni, akailinda. Nimebandika gundi juu ya kitufe, picha ya mtu ikiwa kwenye kioo, na wiki hii nimeilinganisha na cha kwapani siku tatu mfululizo: 36.7 kwa 36.6, 36.8 kwa 36.8, nyingine nimesahau. Kumbe inapima vizuri. Hilo limeniudhi upya.

Juzi amekuja kunilenga nikiwa kwenye cherehani. "Baba huna homa, shona."

Basi. Wenye watoto kwenye kemo msinunue, au mkinunua zibeni kitufe kabla hamjafika nyumbani. Wengine fanyeni mtakavyo. Nyota moja, na hiyo ni ya kuku.