Windows ndani ya Linux kwa asiyeona: uzoefu wangu

Alhamisi moja saa tatu usiku, hapa Umoja, Windows yangu ilinyamaza ghafla. Nilikuwa katikati ya hesabu za wanachama, kwenye faili la Excel lenye makro nyingi ambalo ofisi ninayoifanyia kazi hailitaki kwa umbo jingine lolote, na LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Excel, hulivuruga kila nikilifungua. Kompyuta ikinyamaza, mimi sina pa kushika. Zamani ningempigia mpwa wangu simu ya video, nielekeze kamera kwenye skrini, naye aniambie, "Mjomba, naona tu duara linazunguka." Usiku ule sikumsumbua. Windows hiyo inakaa ndani ya Linux, kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigwa na programu) ya VirtualBox, na huko nje Orca, kisoma skrini cha Linux kinachonisomea kwa sauti, ilikuwa bado inaongea.

Nikatoka hadi kwenye dirisha la amri nikaandika:

VBoxManage controlvm kazi screenshotpng hali.png

"Kazi" ndilo jina nililoipa mashine. Amri hiyo hupiga picha ya skrini ya Windows ukiwa nje yake. Picha nikaipitisha kwenye Tesseract, programu ya bure inayotoa maandishi kwenye picha, kisha Orca ikanisomea. Kumbe ulikuwa ni ule ukurasa wa usalama wa Windows unaouliza kama programu fulani iruhusiwe kubadilisha mambo kwenye kompyuta. Nilikuwa natumia NVDA, kisoma skrini cha Windows, ile ya kubeba kwenye flashi, na hiyo haiwezi kusoma kurasa za namna hiyo. Nikarudi ndani, nikabonyeza Escape, sauti ikarudi. Kesho yake nikaisakinisha NVDA kikamilifu na tatizo hilo sijaliona tena.

Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kupenda mpangilio huu kuliko kuweka mifumo miwili kwenye diski moja. Nilikuwa nayo miwili hapo awali. Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka, haisemi, kwa hiyo unahesabu mishale gizani, na ukishaingia Windows halafu sauti ipotee, uko peke yako. Kwenye mashine pepe kuna sauti mbili, na iliyo hai humsaidia mwenzake.

Kuisimamisha kulinichosha, nalisema wazi. Windows 11 inadai GB 4 za kumbukumbu, GB 64 za diski na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. VirtualBox inaiga hiyo TPM tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022, kwa hiyo hapo hapakunisumbua. Faili la usakinishaji lina zaidi ya GB 5; nililishusha usiku kwa bando la bei nafuu. Nilichagua usakinishaji usiohitaji kujibu maswali, nikawa nachungulia maendeleo kwa ule mtindo wa picha na Tesseract. Ilipofika mwisho nilibonyeza Windows, Control na Enter kwa pamoja, nikitarajia Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows yenyewe, iseme.

Kimya.

Nilipoteza karibu saa mbili nikidhani nimeharibu kitu. Kumbe ukiunda mashine kwa amri badala ya madirisha, VirtualBox huacha sauti ya kutoka ikiwa imezimwa. Nilizima mashine, nikaandika VBoxManage modifyvm kazi --audio-out on, nikaiwasha upya, na Narrator ikasema. Mwongozo unalitaja hili, lakini limefichika katikati ya mistari mingi. Kwa anayeona ni usumbufu mdogo, kwangu lilikuwa ndilo kila kitu.

Jambo la pili ni kitufe cha Control cha kulia. Sisi tunaotumia visoma skrini tumezoea kubonyeza Control kunyamazisha maneno. VirtualBox nayo hukitumia hicho cha kulia kuachilia kibodi irudi Linux. Wiki nzima nilikuwa nanyamazisha NVDA, kisha naandika tarakimu ambazo hazifiki kwenye Excel, na sikuelewa kwa nini. Nilienda kwenye mapendeleo, sehemu ya kibodi, nikahamisha kazi hiyo kwenye Scroll Lock. Fanya hivyo siku ya kwanza. Tena Insert niliiachia Orca, na NVDA nikaipa Caps Lock, zisigombanie amri.

Sauti ndani ya mashine huchelewa kidogo. Nilipokuwa nimeipa kiini kimoja cha kichakato, maneno yalikuwa yanakatika katika; nilipoongeza vikawa viwili, yakanyooka. Natumia sauti ya eSpeak NG kwa sababu ni nyepesi, na Kiswahili inakijua. Laptopu yangu ina GB 8, nusu naipa Windows, na kivinjari cha Linux nakifunga wakati huo. Ukiweza kupata GB 16, pata.

NVDA yenyewe sina la kuilaumu. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni, na mpaka leo ni bure. Leseni ya Windows ni juu yako.

Stima ikipotea, na mtaani kwetu hupotea, betri huisha haraka kwa sababu mifumo miwili inakula pamoja. Hapo natumia amri ya savestate: Windows inagandishwa ilivyo, Excel wazi na kila kitu, na nikiirudisha, NVDA inaendelea kwenye kisanduku kilekile.

Kabla ya kila sasisho kubwa nachukua nakala ya hali ya mashine, naipa jina "inasema" pamoja na tarehe. Nakala hizo hula diski, kwa hiyo naweka mbili tu za karibuni na kufuta za zamani.